Wasindikizaji wa Tuiyobei

Jonah Kiptum alikuwa amefika hatua ya themanini na moja. Alipiga magoti juu ya gunia, mkono wa kulia ukivuta brashi, wa kushoto ukisukuma mkebe wa rangi nyeupe, na kila alipomaliza hatua moja aliinuka, akarudi nyuma, akafumba jicho moja kuona kama mstari umenyooka. Ulikuwa umenyooka. Shida yake ilikuwa urefu. Jukwaa la stesheni ya Tuiyobei lilikuwa na hatua mia mbili kamili, na barua ya makao makuu ilisema ukingo wote upakwe rangi kabla wiki ya majaribio haijaisha, ili abiria wasimame nyuma ya mstari na wasisukumane wakaanguka relini.

Saa nne hiyo ya asubuhi, Ijumaa, wa kuanguka relini walikuwa wawili tu: Kiptum mwenyewe na ndama wa mkewe.

"Masta!" Mosoti aliita kutoka kibandani kwake. "Hiyo laini unaipeleka mpaka Kisumu?"

"Mpaka mwisho wa jukwaa."

"Na treni ni mabehewa mawili. Kule mwisho atasimama nani?"

"Wewe ndiye uliyelijenga."

"Mimi nilijenga vile niliambiwa. Niliambiwa abiria mia mbili na kumi na nne. Kama ningeambiwa tembo, ningejenga ya tembo."

Mosoti alikuwa mwashi kutoka upande wa Kisii. Jukwaa lilipokwisha, wenzake walipanda lori wakaenda zao, yeye akabaki. Alifungua kibanda cha chai na maandazi hapo hapo, aukaribishe umati ambao wahandisi walisema unakuja. Alikuwa bado anaukaribisha.

Kiptum alichovya brashi tena. Ile hesabu ya mia mbili na kumi na nne ilikuwa yake.

Mwaka mmoja na nusu nyuma, mwezi wa tisa 1995, makao makuu yalituma fomu katika kila stesheni ndogo ya reli. Siku fulani, treni fulani, kila stesheni masta ahesabu watu. Fomu ilikuwa na swali moja: "Idadi ya watu jukwaani treni inapowasili." Kiptum alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Alihesabu kwa kidole, akahesabu tena, akaandika 214. Kuku hakuwatia hesabuni.

Bahati mbaya, siku hiyo ndiyo siku ambayo Gibson, kijana wa kwa mzee Kiptanui, alikuwa akienda kusoma India. Lokesheni nzima ilikuwa imemchangia, na lokesheni nzima ilikuja kumsindikiza. Wazee walikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mkaa, ili Gibson apige funda la mwisho. Kina mama walikuja na nyimbo. Kwaya mbili zilikuja, kwa sababu kila moja ilisikia kwamba ile nyingine inakuja. Treni ilipoondoka, alikuwa ameondoka mtu mmoja.

Kiptum alitaka kulieleza hilo, lakini fomu haikuwa na mahali pa maelezo. Basi alichukua karatasi nyingine, akaandika kwa mwandiko safi: "Kati ya hao 214, msafiri ni mmoja. Waliobaki ni wasindikizaji." Akaibana kwenye fomu kwa pini. Baadaye ilidhihirika kwamba fomu ilifika Nairobi, na pini ilifika Nairobi. Karatasi ndiyo haikufika.

Kufumba na kufumbua, maendeleo yakaingia Tuiyobei. Mhandisi alikuja na ramani iliyoandikwa juu yake, "Stesheni ya Kitongoji." Kiptum aliisoma, kisha akatazama pande zote. Kulia kulikuwa na chai, kushoto mahindi, nyuma ng'ombe, na mbele kilima chenye chai nyingine.

"Samahani, mhandisi," alisema. "Hiki ni kitongoji cha mji gani?"

"Mji utafuata," mhandisi alijibu, akaendelea kupima.

Likajengwa jukwaa la hatua mia mbili. Ofisi ya tikiti ikapanuliwa ikawa na madirisha matatu, ingawa mwenye kuuza tikiti alikuwa Kiptum peke yake, na hata angekuwa mwepesi namna gani asingeweza kuchungulia matatu kwa pamoja. Vikachimbwa vyoo vya aina tatu: cha wanaume, cha wanawake, na cha wafanyakazi, ambacho Kiptum alikabidhiwa ufunguo wake kwa kutia sahihi. Ukasawazishwa uwanja wa kuegesha magari arobaini. Rodah, mkewe Kiptum, aliungoja uwanja huo mwezi mzima, na alipoona hakuna gari hata la kupotea, akamfunga ndama wake hapo kwenye nafasi ya kwanza.

Halafu ikaja treni yenyewe: mabehewa mawili, kila siku isipokuwa Jumapili, ikipita Tuiyobei saa moja asubuhi kuteremka Kipkelion na kurudi saa kumi na mbili jioni. Pamoja nayo ikaja barua. Kiptum aliisoma mara tatu. Wiki ya kwanza ni ya majaribio. Jumatatu ni ya sherehe, haihesabiwi. Kuanzia Jumanne hadi Jumamosi, siku yoyote ambayo abiria watakaopanda Tuiyobei watapungua arobaini, stesheni itafungwa kwa manufaa ya wananchi, na mfanyakazi wake atapumzishwa.

Mfanyakazi wake alikuwa na miaka kumi na tisa katika nyumba ya mawe ya reli, na minne tu kufikia pensheni. Hakuwa amechoka, wala hakuwa ameomba kupumzishwa.

Makao makuu yalimtuma Zack Makori kuhesabu. Alikuwa kijana wa tai na viatu vyembamba, mpole, mwenye fomu mpya. Fomu hii iliuliza, "Waliopanda." Mtu huko Nairobi alikuwa amejifunza kitu.

Jumatatu walikuja watu zaidi ya mia tatu. Waliivisha injini shada la sinendet, ule mmea wa kutambaa wanaovikwa watu wenye heshima, na dereva naye akapata lake. Padri aliomba, chifu akahutubia, kwaya zote mbili zikaimba wimbo ule ule kwa sauti mbili zisizojuana. Treni ikapiga honi. Mia tatu walipunga mikono. Treni ikaondoka tupu.

Makori alitazama fomu yake. Kisha akamtazama Kiptum.

Kiptum alimwendea mama mzee mmoja, Chepyegon, aliyekuwa bado anapunga.

"Mama, mbona hamkupanda?"

"Tupande twende wapi? Nani anasafiri?"

"Nyinyi."

"Sisi tumekuja kusindikiza."

"Kumsindikiza nani?"

Chepyegon alimhurumia. Mtu wa reli miaka yote hiyo, na bado anauliza. "Treni," alisema.

Kiptum alikaa na jibu hilo mchana kutwa. Hakuwa mtu wa kuamua haraka, na hakuwa tayari kusema kwamba watu wake ni wajinga, kwa sababu hawakuwa wajinga. Saa kumi na mbili za jioni zilikuwa za kukamua na kufunga ng'ombe. Kazi ya mjini hawakuwa nayo, wala mji. Lakini aligundua jambo moja dogo. Maziwa yalichukuliwa na gari la chama saa kumi na mbili na nusu. Kuchuma chai hawakuanza mpaka umande upungue, karibu saa mbili. Kati ya maziwa na majani palikuwa na saa moja na nusu isiyo na mwenyewe. Mtu aliyepanga ratiba ya treni hakuwahi kukamua ng'ombe maishani mwake, na kwa bahati tu alikuwa ameitumbukiza ndani ya saa hiyo.

Jioni ile alipita nyumbani kwa Chepyegon. Mama alikuwa kweli anakwenda Kipkelion kesho yake, binti yake amejifungua.

"Nikuulize, mama. Mgeni akiondoka kwako, unamwacha wapi?"

"Swali gani hilo? Ukimwacha mlangoni umemfukuza. Unamfikisha mtoni."

"Na treni, ikitoka hapa, inavuka mto wapi?"

Chepyegon alifikiri. Mto ulikuwa bondeni, na ng'ambo yake tu, mwendo wa dakika nane kwa treni, palikuwa na kituo kidogo cha kusimama. Kutoka kituo hicho, kwa njia ya mkato katikati ya chai, mtu alirudi Tuiyobei kwa miguu kabla umande haujakauka, na nauli yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya andazi la Mosoti.

"Kumbe," alisema Chepyegon, "miaka yote tumekuwa tukiwafukuza wageni hapo jukwaani."

Jumanne alisindikizwa mpaka mtoni na watu sitini, pamoja naye sitini na mmoja. Makori aliandika 61, akapiga mstari chini yake kwa furaha. Jumatano alisafiri Mosoti, akatafute mfuko wa simiti. Palitokea maneno kidogo: wazee walisema anayekwenda kununua simiti si msafiri, ni mnunuzi. Lakini mkewe Nyanchoka alileta jamaa zake wanaofanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, na wazee hawakutaka kushindwa na wageni kumsindikiza jirani yao wenyewe. Arobaini na wanane. Alhamisi alihama mwalimu Nyaberi. Machozi ya kweli, hamsini na watano. Na leo, Ijumaa, mzee Kiptanui alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Alishika shavu lake mlangoni mwa behewa kama mtu anayekwenda vitani, akasindikizwa na watu arobaini, pamoja naye arobaini na mmoja.

Arobaini na mmoja. Kiptum alichovya brashi. Hatua ya themanini na nne. Hesabu ilikuwa inapanda na kuteremka pamoja na uzito wa safari, na baada ya jino hakuona tena kitu cha kuteremkia. Kesho ilikuwa Jumamosi, siku ya mwisho, na Tuiyobei nzima haikuwa na mtu hata mmoja wa kwenda popote. Alikuwa ameuliza nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyejifungua. Hakuna aliyehama. Jino lilikuwa moja tu.

Makori alitoka ofisini, akaja akasimama nyuma ya mstari, kama barua ilivyoagiza.

"Mzee Kiptum, niulize jambo?"

"Uliza, mwanangu."

"Wale watu wa asubuhi. Yule mama mwenye leso ya njano nimemwandika Jumanne, Jumatano, Alhamisi na leo. Huwa anarudi na treni gani?"

Mosoti alipunguza moto wa jiko lake asikie vizuri.

Kiptum aliweka brashi juu ya mkebe. "Harudi na treni. Anarudi na miguu. Wanashukia ng'ambo ya mto, wanarudi kuchuma chai."

"Wote?"

"Isipokuwa msafiri."

"Kwa hivyo leo msafiri alikuwa..."

"Mzee Kiptanui. Na jino."

Makori alifungua fomu, akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza, akaisoma nyuma, ambako hakukuwa na kitu.

"Fomu inauliza waliopanda," alisema mwishowe. "Walipanda?"

"Walipanda."

"Na tikiti?"

"Kila mmoja alilipa yake."

"Haina mahali pa waliorudi kwa miguu."

"Najua," Kiptum alisema. "Ndiyo maana nataka nieleze kwa karatasi ya pembeni. Sipendi makao makuu yadanganyike mara ya pili."

Makori alimtazama mzee huyo aliyepiga magoti juu ya gunia, magoti yakiwa yameshika rangi. Alikuwa kijana mpole, lakini alikuwa ameajiriwa miaka mitatu, na katika miaka mitatu mtu hujifunza ofisi yake.

"Andika, mzee," alisema. "Andika kila kitu, usifiche hata moja. Mimi nitakuletea pini."

Mosoti alicheka mpaka akamwaga chai. "Ndugu yangu wa nyumbani, Kisii!" alimwambia Makori. "Wewe utakuwa mkurugenzi!"

"Lakini kesho, mzee," Makori akaongeza, bila kucheka, "wakipanda thelathini na tisa nitaandika thelathini na tisa. Hapo sina pini."

"Na usiandike arobaini," Kiptum alisema. "Sitaki."

Kijana akarudi ofisini, akakaa nyuma ya dirisha la pili kati ya matatu. Kiptum akashika brashi. Hatua ya themanini na sita. Themanini na saba.

Rodah alikuja kumhamisha ndama, kwa sababu jua lilikuwa limefika nafasi ya kwanza na nafasi ya tisa ilikuwa na kivuli. Alimfunga, kisha akaja jukwaani akifuta mikono kwa leso.

"Umepata mtu?"

"Bado."

"Mosoti aliniambia umefika mpaka kwa wale wa juu kabisa, msituni."

"Nilifika. Wana mbuzi anaumwa. Nikawauliza kama watampeleka kwa daktari wa mifugo Kipkelion. Wakasema amepona."

"Pole," Rodah alisema, na ilikuwa vigumu kujua anampa pole nani. Alisogea akatazama mstari. "Baba Chelimo, umeniona mimi nikipanda treni lini?"

Kiptum alisimamisha brashi. Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila kitu. Alimwona Rodah akimsindikiza Gibson. Alimwona akisindikiza mabinti wanaoolewa, askari wanaorudi kambini, wagonjwa, maiti mbili, walimu wasiopungua sita. Kila Krismasi alikuwa hapo jukwaani akipunga leso kwa watu wa wengine. Na wiki hii, kila asubuhi, alikuwa amebaki akilinda kibanda cha Mosoti ili Nyanchoka apate kupanda.

"Sijakuona," alisema.

"Miaka kumi na tisa nakaa hatua thelathini kutoka relini. Dada yangu yuko Kipkelion. Kila mwaka nasema nitakwenda. Kila mwaka kuna ndama."

"Hujawahi kuniambia."

"Nilikuambia. Ulikuwa umeshika bendera."

Kiptum aliinuka, polepole, gunia likamng'ang'ania goti moja. "Hii si kwa ajili ya hesabu? Sitaki uende kwa sababu ya hesabu."

"Hesabu ni yako. Safari ni yangu." Alikunja leso. "Ninakwenda kumwona dada yangu. Kama kuna watu wanaodaiwa kunifikisha mtoni, watajijua wenyewe."

Mosoti, aliyekuwa ameacha hata kujifanya anafanya kazi, alihesabu kwa vidole. "Masta, mama akisafiri, hakuna nyumba hapa ambayo hakuisindikizia mtu. Hata mimi alinilindia kibanda nikafuate simiti! Hapo si arobaini. Hapo hata hili jukwaa litakuwa dogo!"

"Wewe nyamaza, maandazi yanaungua," Rodah alimwambia.

"Na utarudi jioni?" Kiptum aliuliza.

"Nikipapenda nitarudi Jumatatu."

"Na ng'ombe?"

"Si una mikono? Naona leo inaweza hata rangi."

"Na mimi..." Kiptum alisita. Jambo lilimjia taratibu, kama treni ya mizigo kwenye mwinuko. Mume ndiye wa kwanza kumsindikiza mkewe. Lakini stesheni masta ndiye anayepunga bendera ya kijani, na bendera haiwezi kupungwa kutoka ndani ya behewa. "Mimi sitaweza kukufikisha mtoni."

"Najua. Wewe utaniacha mlangoni." Rodah alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Watu watasema umenifukuza."

Alikwenda zake. Kutoka nyumba ya mawe lilisikika sanduku likiburutwa kutoka chini ya kitanda, na baadaye kidogo, kwa kuwa sauti husafiri vizuri mahali pasipo na mji, Nyanchoka akimwita jirani, na jirani akimwita wa ng'ambo, "Mama Chelimo anasafiri!"

Kiptum alipiga magoti tena. Themanini na nane, themanini na tisa. Tisini. Alifanya kazi vizuri, bila kuharakisha, mpaka hatua ya tisini na mbili, akainua brashi na kusimama.

Hapo, penye hatua ya tisini na mbili, ndipo treni iliposimamisha mlango wake wa kwanza kila asubuhi. Aligusa mstari wa jana kwa kidole. Kidole kikatoka na weupe. Katika baridi ya huko rangi haikukauka kwa siku moja. Rodah alikuwa na jozi moja ya viatu vya kutokea, vyeusi, na wenye kumsindikiza wangemzunguka hapo wote, wengine peku.

Barua ilisema ukingo wote upakwe kabla wiki haijaisha. Kiptum aliifikiria barua hiyo kwa haki, neno kwa neno. Wiki ingeisha kesho jioni. Treni ingeondoka kesho asubuhi.

Alibana kifuniko cha mkebe kwa kisigino, akaitia brashi ndani ya kopo la mafuta ya taa, na kulaza gunia juu ya hatua ya tisini na mbili, kuweka alama ya mahali pa kuanzia. Kisha akaenda kumwuliza mkewe jinsi yule ng'ombe mwekundu anavyopenda kushikwa.